Gari linazama mchangani: matatizo ya upepo wa matairi na namna ya kuyatatua

Simu ninazopokea kutoka makorongoni zinafanana. "Kaka, nimezama. Nimeingiza fowili, nimechimba, halitoki." Kabla ya lolote lingine nauliza: matairi yana upepo kiasi gani? Dereva ananyamaza kidogo, halafu anajibu arobaini, au thelathini na nane. Huo ni upepo wa lami. Ameujaza Arusha alfajiri, akapita Mto wa Mbu, akapita Engaruka, na sasa yuko kwenye korongo la mchanga karibu na Engaresero na upepo ule ule, huku wageni wake wamekaa chini ya mgunga wakimtazama.

Nimepanga mwongozo huu kwa dalili, yaani kile unachokiona kwa macho ukiwa umesimama pale juani. Kila dalili inaanza na sababu inayotokea mara nyingi na kuishia na ile ya nadra. Ruka hadi dalili yako ukitaka, ila soma kwanza sehemu ya namba, kwa sababu zote zilizobaki zinaitegemea.

Namba za kuanzia, na geji ya kuziamini

Watu hudhani tairi likipunguzwa upepo linapanuka. Linapanuka kidogo tu. Kinachobadilika zaidi ni urefu wa mahali linapogusa ardhi. Jaribu mwenyewe siku ukiwa na nafasi: simamisha gari mahali tambarare, chukua njiti mbili, chomeka moja mbele ya tairi na nyingine nyuma, pale hasa mpira unapokutana na udongo. Pima kwa shibiri. Sasa shusha upepo kutoka 40 hadi 18 na uzisogeze njiti upya. Ukishaona zilivyoachana hutahitaji mtu wa kukushawishi tena. Uzito wa gari ni ule ule, lakini umetandazwa juu ya mchanga mwingi zaidi, na tairi linapita juu yake badala ya kuusukuma mbele kama jembe. Angalia punda na ngamia wakivuka korongo moja: kwato ya punda inatoboa, unyayo wa ngamia unatandaza.

Namba ninazotumia ni za Land Cruiser ndefu ya watalii, matairi ya kazi nzito, abiria sita na mizigo yao. Lami, PSI (kipimo cha upepo kwenye geji) 36 mbele na 42 nyuma. Vumbi laini na mchanga ulioshikana, 26 hadi 28. Korongo la mchanga, 18 hadi 20. Nikishakwama au mchanga ukiwa laini kama unga, 15. Nambari 12 ni ya kujiokoa tu: mita chache, mwendo wa mtu anayetembea, usukani umenyooka, na nikishatoka narudisha 18 hapo hapo. Mchangani, nyuma naacha 3 au 4 zaidi ya mbele ikiwa gari limejaa. Gari dogo na jepesi kama Suzuki Jimny halishituki kwa 18, tairi lake linabaki limesimama vile vile, kwa hiyo anzia 15. Geji zilizoandikwa kwa bar zisikuchanganye, bar 1 ni PSI 14.5.

Mwendo nao unashuka pamoja na upepo. Kwa 18 sivuki kilomita 40 kwa saa. Kwa 15 natembea 20.

Kuhusu geji, nunua yako na uitunze kwenye kitambaa, mbali na vumbi. Geji mbili za bei rahisi zinaweza kupishana PSI 4 kwenye tairi moja, na huku chini 4 ni nyingi: ndiyo tofauti kati ya 16 inayokutoa na 12 inayokuvulia tairi. Kama huna ya kulinganisha nayo, angalau tumia hiyo hiyo siku zote, ili kosa lake liwe lile lile. Kumbuka pia kwamba tairi la moto linadanganya. Ukiwa na upepo wa lami, kila joto linapopanda nyuzi 6 hivi geji inapanda karibu PSI 1, na tairi lililotoka kukimbia linaweza kusoma 4 hadi 6 juu ya lilivyosoma asubuhi. Ukishusha hadi 18 likiwa na moto, alfajiri utalikuta na 14 au 15. Siku nitakayolala porini naacha 20 jioni.

Dalili: gari limezama, matairi yanachimba, halisogei

Shuka. Usikanyage mafuta tena hata mara moja kabla hujashuka. Inama uangalie chini ya gari: je, difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli, imekaa juu ya mchanga, au bado kuna nafasi ya kupitisha mkono? Jibu la swali hilo ndilo litakaloamua kazi yako.

Sababu kubwa ni upepo mwingi. Kama difu bado iko hewani, usianze na koleo. Shusha matairi yote manne hadi 18. Fungua kifuniko, bonyeza ile pini ya katikati kwa ncha ya kijiti au ufunguo, hesabu sekunde, pima, bonyeza tena. Weka kifuniko mfukoni, kisiwe mchangani. Ukimaliza, jaribu kurudi nyuma kwanza, kwenye njia uliyojia, kwa sababu mchanga ule matairi yako yameshaubana. Wengi wanalazimisha kwenda mbele ambako hakujakanyagwa. Nenda nyuma nusu mita, mbele nusu mita, taratibu, hadi utengeneze njia yako fupi. Likigoma, shusha hadi 15, kisha fagia mchanga ulio mbele ya kila tairi uwe mteremko na sio ukuta.

Sababu ya pili, hasa kwa magari ya zamani, ni habu za mbele, vile vifungio vya katikati ya magurudumu, kutofungwa. Kigingi ndani kiko kwenye H4 (fowili ya mwendo wa kawaida), dereva anaamini ana fowili, kumbe habu zimeachwa kwenye FREE na gari linasukumwa na matairi ya nyuma peke yake. Mwite mtu asimame pembeni aangalie unapoachia klachi taratibu: kama mbele hakuzunguki kabisa, shuka ukazungushe habu zote mbili hadi LOCK. Nimewahi kuchimba nusu saa kwa kosa hili, jua la saa saba, na nikishaliona nilitoka kwa pumzi moja.

Ya tatu ni kuendelea kukanyaga mafuta baada ya tairi kuanza kuteleza. Kila mzunguko unatupa mchanga nyuma na kulishusha gari. Difu ikishakaa chini, uzito umetoka kwenye matairi umehamia kwenye tumbo la gari, na hapo kupunguza upepo peke yake hakutoshi. Shusha 15, halafu chimba chini ya difu na chini ya ngazi za pembeni mpaka uone mwanga upande wa pili, kisha chimba mbele ya matairi. Kama una mbao au zile bati za mchanga, ziingize chini ya tairi zikielekea upande unaokwenda. Kapeti za ndani ya gari ukiziweka chini ya tairi hutupwa nyuma kama mawe, nimeziona zikimpiga kijana mguuni. Watu wakae pembeni.

Gia pia inachangia. Kubadilisha gia katikati ya mchanga kunaua mwendo, na mwendo ndio ulikuwa unakubeba. Chagua gia kabla hujaingia: L4 (fowili ya nguvu, mwendo mdogo), gia ya pili au ya tatu, ushike mafuta sawasawa mpaka ng'ambo. Gia ya kwanza ina nguvu kupita kiasi, inachimba. Kwa magari mapya yenye kifaa cha kuzuia tairi kuteleza, kompyuta inakata nguvu ya injini pale pale unapoihitaji. Tafuta kitufe chake ukizime, na ukumbuke kukiwasha ukifika barabarani.

Mzigo ni sababu ya mwisho lakini isidharauliwe. Abiria sita ni zaidi ya kilo 400. Waombe washuke wavuke kwa miguu. Wageni wengi hufurahi, na waliobaki wamekasirika hufurahi gari likipita.

Kuna ardhi ambayo upepo hausaidii. Ukingoni mwa Ziwa Natron kuna magadi yaliyokauka juu kama gamba, chini yake tope zito. Ule sio mchanga. Hata ukishusha hadi 12 gamba litapasuka. Zunguka.

*Simama, ita msaada:* Ukiwa ndani ya korongo na kuna wingu zito juu ya milima, hata kama hapo ulipo ni pakavu na jua linawaka, toa watu kwanza wapande ukingoni. Maji ya korongo yanatoka mbali na yanafika bila kuaga. Gari linaweza kuchukuliwa, watu wasichukuliwe. Na kama inabidi kuvutwa, usifunge kamba kwenye ile tufe ya chuma ya kuvutia trela. Ikikatika inaruka kama risasi, na imeshaua watu. Funga kwenye kulabu iliyofungwa kwenye chesi, watu wote wakae mbali zaidi ya urefu wa kamba. Kama gari lako halina kulabu ya hivyo, subiri mwenye ujuzi.

Dalili: linasonga, lakini linakokota na mshale wa joto unapanda

Gari linalopanda mlima usioonekana, ndivyo madereva wanavyolielezea. Injini inanguruma, mwendo hauji.

Tena anza na upepo. Angalia nyuma yako: kama matairi yameacha mfereji wenye kuta, yana upepo mwingi, yanalima. Kama yameacha alama pana ya meno iliyolala juu juu, upepo uko sawa, tafuta kwingine. Kipimo hiki hakihitaji geji wala fundi.

Kwingine ni gia kubwa kuliko inavyofaa, au kutembea huku upepo wa nje ukikupiga mgongoni, rejeta ikakosa hewa. Halafu rejeta yenyewe: ukipita majani marefu kabla ya korongo, mbegu za nyasi hujaza matundu yake yote. Geuza gari lielekee upepo, acha injini iungurume polepole hadi mshale ushuke, kisha zima na ung'oe mbegu kwa brashi laini.

*Simama:* usifungue kifuniko cha rejeta likiwa la moto. Kama mshale unarudi juu hata kwenye ardhi ngumu, tatizo sio mchanga. Ni feni, pampu ya maji au gasketi, na hiyo ni kazi ya fundi.

Dalili: tairi limetoka kwenye ringi

Ukiwa na upepo mdogo, kinachoshika tairi kwenye ringi ni hasa ukingo wake kubanwa na hewa. Hewa ikipungua sana, nguvu ya pembeni inatosha kuuvua.

Mara nyingi chanzo ni kona kali. Dereva yuko kwenye 14, anaona mgunga mbele, anakata usukani kwa haraka, tairi la mbele la nje linaachia. Chanzo cha pili ni kushusha chini ya 15 na kuendelea kutembea kama kawaida. Cha tatu ni kupita kiubavu kwenye mwinuko wa mchanga, ambako uzito wote unalalia matairi ya upande wa chini. Kwenye jangwa la mchanga la Wahiba kule Oman, madereva wanaojua, wakiwemo ndugu zetu wanaozungumza Kiswahili, hupanda na kushuka tuta wakiwa wamenyooka, hawalikati kiubavu. Cha mwisho ni ringi iliyogongwa jiwe ukingo wake ukapinda. Hiyo itakuvulia tairi hata ukiwa na 20.

Kulirudisha kunawezekana kama tairi halina tyubu na halijachanika. Weka ubao mpana chini ya jeki, vinginevyo jeki itazama badala ya gari kupanda. Zuia matairi mengine kwa mawe. Inua hadi tairi lielee, ila usiingize mguu wala mkono chini ya gari. Sasa kazi yenye subira: futa mchanga wote kwenye ukingo wa tairi na kwenye ringi, pande zote mbili. Tumia kitambaa chenye maji, pitisha kidole ndani ya mzunguko mzima. Chembe chache zikibaki hapo, tairi litavuja usiku kucha. Paka maji ya sabuni.

Toa pini ya valvu kabisa ili hewa iingie kwa wingi, unganisha pampu, na usukume tairi kwa mikono likae sawa. Likigoma kushika, zungusha mkanda wa kufungia mizigo katikati ya tairi, juu ya meno yake, na uukaze. Kingo zitatanuka kuelekea ringi. Utasikia mlio wa kwanza, halafu wa pili, kama bao likigongwa. Legeza mkanda mara tu ukiusikia wa kwanza. Ukishapata yote miwili, toa bomba, rudisha pini haraka, jaza hadi 30 kuhakikisha limekaa, ndipo ushushe tena hadi 18.

*Simama:* kuna watu humwaga petroli ndani ya tairi wakawasha kiberiti ili mlipuko ulirudishe kwenye ringi. Usifanye, hata kama umeona likifanyika likafaulu. Na kama gari lako lina ringi za vipande, zile zenye pete ya chuma inayofunga tairi, usilijaze tairi lililotoka hapo porini. Pete isipokaa sawa inaruka kwa nguvu za hewa yote iliyomo, na inakata chochote kilicho mbele yake. Hiyo ijazwe na fundi wa matairi, ndani ya kizimba cha chuma. Wewe funga spea.

Dalili: valvu imelala upande, au tyubu imekatika shingoni

Hii ni ya matairi yenye tyubu, kama 7.50R16 ambayo Land Cruiser nyingi za kazi bado zinatumia. Valvu inatakiwa isimame wima kwenye tundu lake. Ukiiona imeinama, tairi limeteleza juu ya ringi likaivuta tyubu. Sababu ni upepo mdogo pamoja na nguvu nyingi: umeshusha hadi 15, ukaingiza L4, ukakanyaga.

Ukiiwahi ikiwa imeinama tu, jaza hadi 28 na utembee polepole mpaka kwa fundi pancha, aivue aikalishe upya. Ikiwa imeshakatika, hakuna kiraka cha kuishika shingo, inahitaji tyubu nyingine. Kwa sababu hiyo, nikiwa na matairi ya tyubu sishuki chini ya 20. Najua ninapoteza kidogo kwenye mchanga, na ninabeba koleo kubwa zaidi kufidia. Kabla ya kuingia korongoni chora mstari kwa chaki kutoka ringi hadi kwenye tairi. Ukitoka ng'ambo, mstari ukiwa umekatika vipande viwili visivyokutana, umepata onyo kabla valvu haijainama.

Dalili: tairi linapungua lenyewe

Umelala na 20, umeamka na 17 kwenye matairi yote manne kwa usawa. Huo ni ubaridi wa usiku, hauna tatizo. Tatizo ni tairi moja likiachwa nyuma na wenzake.

Anza na valvu. Ulipopunguza upepo ulibonyeza pini kwa kijiti chenye mchanga, na chembe moja imekaa kwenye mlango wake. Weka mate juu ya mdomo wa valvu; povu likijitokeza, umempata. Bonyeza pini mara mbili tatu kwa nguvu hewa iufukuze mchanga, au uitoe pini, uipulize, uirudishe. Pini za akiba ni rahisi na zinaingia kwenye boksi la kiberiti, beba tano. Vifuniko navyo si mapambo, ndivyo vinavyozuia mchanga kuingia.

Ikiwa valvu ni salama, tafuta mwiba. Mwiba wa mgunga huingia hadi ndani na kukatikia humo, hauonekani mpaka upitishe kiganja taratibu juu ya meno ya tairi. Mwagia maji ya sabuni kuanzia meno, kisha mashavuni, yaani ubavuni mwa tairi, kisha kwenye ukingo wa ringi. Povu dogo la mfululizo kwenye ukingo maana yake mchanga umeingia hapo tairi lilipokuwa na upepo mdogo, litavuliwa lisafishwe.

Tundu la kwenye meno unaliziba kwa ule uzi mzito wa gundi. Tundu la kwenye shavu usilizibe ukasafiri nalo. Shavu linajikunja kila mzunguko, na ukipunguza upepo linajikunja zaidi, kiraka kitatoka ukiwa na mwendo. Funga spea.

Dalili: gari linavuta upande mmoja

Pima matairi manne yote kabla hujamwita fundi wa alaimenti. Ukiwa na upepo mdogo, tofauti ya PSI 3 kati ya kushoto na kulia inatosha kukuvuta, tofauti ambayo barabarani usingeihisi. Hutokea unapopunguza kwa kukisia, au mnapopunguza watu wawili kila mmoja na geji yake. Likiendelea kuvuta baada ya kusawazisha, kagua jiwe au udongo mgumu ulioganda ndani ya ringi, halafu gusa karibu na habu kwa mgongo wa mkono: upande wenye moto zaidi huenda breki imeshika. Breki inayoshika ni ya fundi.

Dalili: harufu ya mpira unaoungua baada ya kurudi barabarani

Hapa ndipo ninapoomba usikilizwe kuliko kote. Kuzama mchangani kunakupotezea saa mbili. Kukimbia lami na upepo wa mchanga kunapasua tairi ukiwa kwenye kilomita 80.

Niliwahi kuvuka korongo jioni, nikafika lami giza limeingia, pampu iko chini ya mizigo yote. Nikasema nitajaza mjini. Baada ya kilomita ishirini hivi nikasikia harufu, nikasimama. Shavu la tairi la nyuma halikushikika kwa mkono. Kesho yake fundi alilivua akalipindua, na ndani ulimwagika unga mweusi mlaini kama masizi, kiganja kizima. Aliusugua kati ya vidole akaniambia, "Hii ni tairi yako, dereva. Imejisaga yenyewe." Kwa nje lilikuwa zima kabisa, meno yote, hakuna hata mkwaruzo.

Sababu, basi, ni upepo mdogo na mwendo mkubwa. Shavu linajikunja na kunyooka mamia ya mara kwa dakika, joto linajengeka ndani ya mpira, na nyuzi zake zinaachana. Ukisikia harufu, simama pembeni taratibu, usifunge breki kwa ghafla. Usilimwagie maji. Subiri lipoe, kisha ujaze. Kagua shavu: mstari mweusi uliozunguka tairi zima, mikunjo isiyonyooka hata baada ya kujaza, au uvimbe.

*Simama:* ukiona kimojawapo, tairi hilo halirudi barabarani hata kama linashika upepo. Likavuliwe na kuangaliwa ndani. Unga mweusi ukionekana, linatupwa.

Kule Oman, katika mji wa Bidiyah mlangoni mwa mchanga wa Wahiba, mafundi wa matairi wanashusha upepo kwa wanaoingia na kuujaza kwa wanaotoka, ni shughuli ya kila siku. Barabara zetu za makorongo hazina huduma hiyo, kwa hiyo pampu iliyo juu ya mizigo, na sio chini yake, ndiyo Bidiyah yako.

Dalili: taa ya tairi imewaka kwenye dashibodi

Magari mapya yanahisi umepunguza upepo. Iache iwake. Ukijaza upepo wa lami itazima baada ya kutembea kidogo, mengine yanataka ubonyeze kitufe. Isipozima, huenda tairi mojawapo bado liko chini, pengine ni spea ikiwa gari lako linaipima pia.

Dalili: pampu inazima au haijazi

Fyuzi kwanza. Pampu ya maana inakula ampea 30 hivi, tundu la kiberiti la ndani ya gari limetengenezwa kwa 10 hadi 15. Ukiichomeka humo fyuzi inaungua. Ibane moja kwa moja kwenye betri, nyekundu kwa chanya, injini ikiwa inaunguruma.

Ikizima baada ya tairi la pili, imepata moto na imejikata yenyewe. Iweke kivulini, juu ya ubao na sio mchangani, mlango wake wa kuvutia hewa ukiangalia juu. Subiri dakika 15 au 20. Jaza matairi mawili ya nyuma kwanza kwa sababu ndiyo yenye mzigo. Kama pampu itakufa kabisa, utatembea polepole na mbele iliyo chini.

Ikizunguka lakini geji haipandi, hewa inavuja kati ya bomba na valvu. Funga upya, sikiliza. Bado? Toa kichwa cha bomba, kipulize kwa mdomo, angalia raba iliyo ndani yake kama imekatika. Ikiwa imekatika, omba bomba la gari litakalopita, na kwenye njia hiyo litapita, hasa asubuhi.